Kutoka Keko Hadi Makumbusho: Nani Aliubeba Mji Huu?

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niwaandikie wenzangu, hasa wale mnaokuja kwenye mkutano wetu kutoka mikoani, juu ya mahali pa kutembelea hapa Dar es Salaam penye historia. Ombi hilo nimelipokea kwa furaha. Nimefundisha somo la historia kwa miaka mingi, na mwalimu wa historia akishastaafu hubaki na maneno mengi asiyo na mtu wa kumwambia. Tena nawafikiria vijana mnaosoma sasa. Mwanafunzi anaweza kukaa Temeke tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne, akakariri jina la Zinjanthropus na mwaka aliogunduliwa, akapasi mtihani wake vizuri, wala asijue kwamba fuvu lenyewe limehifadhiwa humu humu mjini, mwendo wa daladala moja au mbili kutoka kwao.

Lakini sitawapeni orodha ya majengo kama wafanyavyo wanaowatembeza wageni. Nataka twende na swali moja mkononi, na kila tutakapofika tulitoe. Swali ni hili: aliyeweka kitu hiki hapa ni nani, na mzigo wake ulibebwa na nani? Mtaona mbele swali hili nililipata wapi, maana si langu.

Nitaanzia Keko, ninakoishi tangu mwaka 1978. Najua wapo watakaocheka na kuuliza Keko kuna nini zaidi ya gereza na vitanda. Gereza lipo, na simshauri mtu aende kulitembelea. Vitanda navyo vipo, pamoja na makabati, meza na makochi, vimepangwa kando ya barabara hadi mpita njia hana pa kukanyaga. Mafundi seremala wa Keko wanajulikana mji mzima, na bwana harusi gani wa Dar es Salaam hakupita huku kuuliza bei ya kitanda cha mninga? Simameni mtazame kazi yenyewe. Utaona kijana anapiga randa, mwingine anapiga msasa, wa tatu anachora maua kwenye ubao wa kichwani kwa patasi, bila karatasi mbele yake. Baadaye, tukifika mjini na kutazama milango ya kale yenye nakshi, mkumbuke huyo kijana na patasi yake.

Keko ipo kati ya Barabara ya Nyerere, ambayo wa rika langu tuliijua kama Pugu Road, na Barabara ya Kilwa. Upande mmoja kuna viwanda vya Chang'ombe, upande mwingine kuna Kurasini na bandari. Hapo ndipo ilipo sababu ya Keko kuwapo. Wajerumani waliufanya mji huu makao makuu yao mwaka 1891, na Waingereza waliokuja baada yao wakaukata katika kanda: Wazungu wakae baharini kwenye upepo, Wahindi wakae kwenye maduka, Waafrika wakae Kariakoo na Ilala. Katikati ukaachwa uwanja mtupu wa kutenganisha, ambao ndio Mnazi Mmoja ya leo. Anayepumzika Mnazi Mmoja chini ya mti amekaa juu ya mpaka. Keko haikuwamo katika hesabu hiyo ya kanda. Watu waliotafuta kazi bandarini na viwandani walijijengea wenyewe, nyumba za miti na udongo, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, uani nyuma, na juu wakaezeka makuti au madebe yaliyokunjuliwa na kugongwa yakawa bapa. Ndivyo zilivyoanza Keko Magurumbasi, Keko Machungwa, Keko Mwanga na Keko Toroli. Zilianza kwa watu waliotaka kwenda kazini kwa miguu.

Kutoka Keko twende kwa miguu hadi Uwanja wa Uhuru. Wengi wenu mnaujua kwa mpira, na siku hizi umefunikwa na jirani yake mkubwa, Uwanja wa Mkapa uliofunguliwa mwaka 2007, wenye nafasi ya watu 60,000. Lakini ni katika uwanja huu mdogo, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Mwingereza ilishushwa na ya Tanganyika ikapandishwa, Mwalimu Nyerere akiwapo, na mume wa Malkia, Prince Philip, akimwakilisha mkewe. Ni hapa pia mwili wa Mwalimu uliwekwa Oktoba 1999 wananchi wakapita kumuaga. Na ni hapa, Machi 2021, katika kumuaga Rais Magufuli, watu 45 walikufa katika msongamano. Haya yote yametukia mahali ambapo mtoto wa Keko hufika kwa miguu. Nilipokuwa nafundisha nilipenda kuwapeleka wanafunzi hapo kabla ya kufungua kitabu. Tulikaa kwenye ngazi za zege, nikawaambia wanyamaze dakika moja na kufikiri juu ya giza lile la usiku wa manane kabla taa hazijawashwa. Sijui kitabu kinachofanya kazi hiyo.

Mbele kidogo, penye makutano ya Barabara ya Nyerere na ya Mandela, ipo stesheni ya TAZARA. Ingieni ndani hata kama hamsafiri. Ule ukumbi mkubwa wenye dari ya juu ulijengwa enzi ambayo nchi mbili maskini, Tanzania na Zambia, ziliambiwa na wakubwa wa Magharibi kwamba reli yao haina faida, zikaijenga kwa mkopo wa China usio na riba. Kazi ilianza mwaka 1970, njia ikafika Kapiri Mposhi mwaka 1975, kilomita 1,860, na reli ikakabidhiwa Julai 1976. Waliojenga walikuwa makumi elfu, Watanzania, Wazambia na Wachina. Huko Gongo la Mboto, ukiifuata Barabara ya Nyerere kupita uwanja wa ndege, yapo makaburi ya Wachina 69 waliofia kazini humu nchini, wengi wao wakiwa wa reli hiyo. Makaburi yametunzwa safi, kila moja na jina lake. Kumbukeni hilo la jina, tutalirudia.

Sasa tupande gari twende mjini. Vijana hamkuziona Ikarusi za UDA, zile ndefu zilizopinda katikati kama jongoo, wala hamjui kwamba daladala ilipata jina lake kutokana na "dala", yaani shilingi tano, iliyokuwa nauli ya siku zile. Mshukie karibu na bandari, mahali zinapotoka boti za Unguja, kwenye kona ya Sokoine Drive na Barabara ya Morogoro. Hapo limesimama Boma la Kale.

Jengo hili ni la mwaka 1866 au 1867. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alikuwa ameamua kujenga mji mpya karibu na kijiji cha Mzizima, na Boma lilikuwa nyumba ya wageni wake. Tazameni unene wa kuta, mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, na mlango wa nakshi. Majid alikufa mwaka 1870, ndugu yake Barghash hakuupenda mradi huo, na mji ukalala hadi Wajerumani walipokuja. Jumba la kifalme la Majid halipo tena, ila Boma limesalia. Miaka ya karibuni limekarabatiwa na ndani yake kuna maonyesho ya historia ya ujenzi wa jiji letu, pamoja na picha za nyumba zilizokwisha vunjwa. Mtu mzima akizitazama picha hizo huugua moyoni, kwa sababu nyingine alizijua. Lakini na hapa tutoe swali letu. Matumbawe yale yalikatwa baharini, boriti zilikatwa katika mikoko, na vyote vilibebwa mabegani na vibarua na watumwa. Hakuna jina lao hata moja mlangoni. Jina lililobaki ni la Majid.

Majengo mengine ya ufukweni nitayapita haraka, si kwa kuwa hayana maana, bali kwa kuwa yanajieleza yenyewe: Kanisa la Azania Front la Walutheri, lililojengwa kati ya 1898 na 1902, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la wakati uo huo, na mbali kidogo Hospitali ya Ocean Road ya mwaka 1897. Hoteli ya New Africa ipo, lakini jengo mnaloliona si lile la Wajerumani, waliloliita Kaiserhof, lile lilivunjwa.

Nataka tukae zaidi kwenye Sanamu ya Askari.

Mnaijua. Ipo katikati ya Mtaa wa Samora, askari wa shaba ameinama mbele, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Watu hupanga kukutana hapo, wapiga picha hupiga picha, magari huizunguka. Wazee wa zamani waliiita Bismini, jina lililobaki midomoni tangu enzi ya Mjerumani, maana kabla ya askari huyu palikuwa na sanamu nyingine papo hapo. Ilikuwa ya Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyeongoza vita vya kuizima pwani yetu wakati wa kupigana na Abushiri. Iliwekwa mwaka 1909. Wissmann alisimama juu kwa fahari, na chini ya miguu yake palikuwa na sanamu ya askari Mwafrika aliyeinua macho kumtazama bwana wake. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliing'oa wakaipeleka kwao kama nyara. Baadaye Wajerumani wakaipata tena, wakaisimamisha mwaka 1922 mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Huko nako haikudumu: miaka ya 1967 na 1968 wanafunzi wa chuo hicho waliifunga kamba wakaiangusha, wakisema hawataki kumtazama mkoloni kila asubuhi. Nawaachieni vijana mfikiri, kwamba wanafunzi wa Hamburg walijua habari za sanamu ya Dar es Salaam kuliko wanafunzi wa Dar es Salaam.

Mahali pa Wissmann Waingereza waliweka askari huyu, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, ikazinduliwa mwaka 1927. Ni ukumbusho wa Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza upande wa Mwingereza. Angalau sasa Mwafrika amepanda juu, wala hamtazami bwana. Chini kuna maandishi kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi na za Kiarabu; aliyeyatunga ni Rudyard Kipling, mshairi wa Kiingereza.

Mwaka 1982 nilipita hapo na baba mwenye nyumba wangu wa Keko. Jina lake silitaji, familia yake bado ipo. Alikuwa mtu wa Rufiji, aliyefika mjini kabla ya vita vya Hitler akafanya ukuli bandarini hadi alipostaafu. Begani alikuwa na sugu kubwa kama ndimu, ya magunia. Tulikuwa tumetoka kufuatilia karatasi zake za kiinua mgongo, tukasimama kivulini kupumzika. Akaitazama sanamu kwa muda, kisha akaniuliza:

"Mwalimu, huyu anapigana na nani?"

"Na Mjerumani, mzee wangu."

"Na mzigo wake ameubeba nani?"

Nilikuwa nimesoma historia chuoni, nimeifundisha, nimesahihisha mamia ya madaftari, na swali hilo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Hebu tulijibu. Vita ile katika nchi yetu ilidumu hadi Novemba 1918, Lettow-Vorbeck akikimbia na Waingereza wakimfukuza, Tanganyika nzima hadi Msumbiji na kurudi. Magari hayakupita, ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo. Kila risasi, kila gunia la unga, kila kipande cha mzinga kilikwenda kichwani mwa mtu. Kwa kila askari mmoja walihitajika wapagazi kadhaa. Walikamatwa vijijini kwa nguvu, na waliokufa wengi hawakufa kwa risasi; walikufa kwa kuhara, malaria, njaa na baridi ya milimani. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Hapa mjini walilazwa kwenye eneo la soko ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga, na jina la kikosi, likipita katika midomo yetu, likawa Kariakoo. Kwa hiyo askari ana sanamu, na mpagazi ana soko. Maandishi ya Kipling yanawataja wapagazi, hilo nakiri, lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki peke yake. Nairobi, katika sanamu za namna hiyo hiyo, mpagazi amewekwa pamoja na wapiganaji. Sisi hatukumpata.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi Bungeni. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka mia. Ndiyo maana nilisema mkumbuke majina ya Gongo la Mboto.

Kariakoo nendeni, lakini shikeni mifuko yenu. Jengo la soko lililochorwa na Beda Amuli, msanifu majengo wetu, katika miaka ya 1970, liliungua Julai 2021. Mtakapokuwa katikati ya vurugu hiyo tazameni vijana wanaopita na mizigo kichwani wakipiga kelele "Njia! Njia!". Ni jina la mtaa wao wanalotimiza bila kujua.

Baba mwenye nyumba wangu alikuwa na mengine. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma 1943, wakagoma tena Septemba 1947, na mgomo wa safari hiyo haukukaa bandarini. Uliambaa na reli ukaingia bara. Hawakuwa na chama cha siasa nyuma yao. TANU ilizaliwa miaka saba baadaye, tarehe 7 Julai 1954. Walikuwa vibarua wa kutwa, wanaosimama langoni asubuhi wakingoja kuitwa, asiyeitwa harudi na kitu nyumbani. Yeye alinisimulia siku za mgomo wa 1947: jinsi walivyokula muhogo ulioletwa na ndugu kutoka mashambani upande wa Mbagala, na jinsi wake zao walivyokusanya senti za mchango. Mwishowe nyongeza ya mshahara ilipatikana. Mwaka 1950 waligoma tena, safari hii kukatokea ghasia, na chama chao kikavunjwa. Ukisoma historia ya uhuru katika vitabu vingi vya shule, inaanza na wasomi kukutana katika chumba. Wasomi walikutana, ni kweli, nami nawaheshimu. Lakini watu hawa walikuwa wamekwisha onyesha kwamba bandari nzima inaweza kusimama kama wenye mabega hawataki.

Sasa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea. Yalifunguliwa kwa umma mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano. Tazameni jengo la zamani lenye matao kabla ya kuingia katika majengo mapya. Kitu cha kwanza ni Zinjanthropus. Mary Leakey alilipata fuvu hilo Olduvai tarehe 17 Julai 1959, likiwa vipande vipande, na umri wake ni miaka milioni moja na robo tatu hivi. Lilipelekwa Nairobi kuchunguzwa, na mwaka 1965 likarejeshwa Tanzania. Fuvu la asili linatunzwa kwa uangalifu mkubwa, kwa hiyo mtakachokiona katika kioo aghalabu ni mfano wake. Msivunjike moyo. Jambo la kufurahia ni kwamba limerudi nyumbani. Mifupa ya mijusi mikubwa ya Tendaguru, mkoani Lindi, haikupata bahati hiyo. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba zaidi ya tani 200, na mzigo wote ukabebwa na wapagazi kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mjusi mkubwa kuliko wote amesimama Berlin, na watu wa Ulaya hupanga foleni kumwona. Msimamizi wa kazi pale machimboni alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani. Andikeni jina hilo katika madaftari yenu, maana ni mmoja kati ya wachache sana wa kazi ile ambao jina lao limesalia.

Katika vyumba vya Kilwa tazameni vyungu vya China na sarafu ndogo za shaba za masultani. Ni sarafu kama hizo, tano kwa idadi, zilizookotwa mwaka 1944 katika kisiwa kimoja kaskazini mwa Australia, na wataalamu hadi leo wanabishana zilifikaje. Yapo pia magari, mojawapo Rolls-Royce iliyowabeba magavana wa Kiingereza na baadaye ikambeba Mwalimu. Na upo ukumbusho wa watu 11 waliouawa na bomu la Ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Wengi wenu mnaikumbuka asubuhi hiyo ya Ijumaa, na vioo vilivyolia.

Mkipata siku ya pili, pitieni Magomeni katika nyumba aliyokaa Mwalimu na familia yake siku za kupigania uhuru, baada ya kuacha ualimu Pugu mwaka 1955. Sasa ni makumbusho. Ni nyumba ya kawaida, na hilo ndilo la kutazama. Mkiwa huko mkumbuke kwamba kadi nyingi za TANU mjini humu ziliuzwa na akina mama, Bibi Titi Mohamed akiwa mbele, wakitumia vikundi vyao vya ngoma kuitisha watu. Kwa wanaokaa upande wetu wa Kilwa Road, Kurasini nako pana habari: hapo ndipo FRELIMO, iliyoundwa mjini humu Juni 1962, ilikuwa na shule yake, na rais wake Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu la kifurushi katika mji huu huu tarehe 3 Februari 1969.

Kisha Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kando ya barabara ya kwenda Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1967. Hapa mtaona msonge wa Wahaya, nyasi kutoka kileleni hadi chini, tembe la Wagogo lenye paa la udongo, na nyumba za makabila mengine mengi, kila moja na vyombo vyake. Kwa mtoto aliyezaliwa mjini ni mahali pazuri kuliko pote, naye huweza kuingia ndani, kuinama mlangoni, kunusa moshi wa jikoni. Ngoma nazo huchezwa. Nina shauri moja tu kwa wakubwa wa pale, nami nalitoa kwa heshima: ningependa ijengwe na nyumba ya Keko ya miaka ya 1950, ya vyumba sita, imeezekwa madebe, na baraza mbele, na msumari ukutani wa kutundikia koti la kazi. Sisi tuliozaliwa au kukulia mjini nasi ni watu wenye kwao, na nyumba hizo zinabomolewa kila mwaka kupisha maghorofa na maghala. Yule mzee wa Rufiji amekwisha fariki, na nyumba yake imevunjwa. Mahali pake pana duka la mbao.

Jumamosi, siku ya pili ya mkutano wetu, nitaongoza safari kwa wanaopenda, wazee kwa vijana. Tutakutana saa mbili asubuhi mbele ya stesheni ya TAZARA. Mvae viatu vya kutembelea na mje na maji ya kunywa. Wanafunzi waje na daftari na kalamu. Aliye na babu au bibi aliyefanya kazi bandarini, relini au katika viwanda vya Chang'ombe, akae naye jioni moja kabla ya siku hiyo, aandike jina lake kamili, kazi aliyofanya, mwaka aliofika mjini, na majina ya wenzake wa zamu anaowakumbuka. Kadi za zamani za vyama vya wafanyakazi, vipande vya kazi na picha vinakaribishwa pia. Vitanakiliwa kwa ajili ya maktaba ya shule na kurudishwa kwa wenyewe siku hiyo hiyo.